Majivu ya Miwa na Matanga Yangu

Mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi na minne, mto uliingia nyumbani kwetu Kano, uwanda ulio karibu na Kisumu, bila kubisha hodi, na tangu hapo nilijilisha mwenyewe. Mvua haikukatika. Mahindi yalioza yakiwa yamesimama, kuku wakahamia juu ya paa, na baba akatupeleka kwenye kilima cha shule. Shule nayo ilijaa watu waliokimbia maji, madawati yakawa vitanda, kwa hivyo darasa langu la nne liliishia hapo, tukiwa tumefika hesabu za kugawanya. Mpaka leo kugawanya sikujui. Kujumlisha najua.

Nilikwenda Kisumu kwa miguu, nikaingia mtaa wa Obunga katika chumba cha vijana wenzangu wa Kano, chumba ambacho mmoja akigeuka usingizini wote mnageuka. Nilipasua kokoto. Nilibeba samaki kutoka ufukweni hadi sokoni, maji yao yakinitiririka mgongoni. Nilichota mchanga. Wanaoniona leo na tumbo hili hudhani nilizaliwa nalo. Sikuzaliwa nalo. Nililitengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, na sioni haya kulitanguliza ninapotembea.

Sasa nije kwenye majivu. Uwandani kulikuwa na kiwanda cha sukari kilichochoma makapi ya miwa kwenye boila bila kupumzika. Makapi yakishaungua hubaki majivu, na majivu yale yalikuwa milima. Upepo wa mchana ukivuma, yaliingia kwenye uji, yakaingia machoni, yakatua kwenye nguo za kanisani zilizoanikwa. Kiwanda kikatafuta mtu wa kuyaondoa. Wenzangu walisema hiyo kazi ni chafu. Mimi nikasema, leteni. Nilianza na mkokoteni, nikapanda cheo nikawa na punda, halafu Muhindi mmoja mwenye duka la mbao alipokuwa anahama nchi akaniachia lori lake kuukuu kwa bei ya kunihurumia. Lilikuwa na mlango mmoja. Upande wa pili tulifunga kamba.

Mjini wakaniita Jaburu. Buru kwa Kijaluo ni majivu, kwa hivyo Jaburu ni mtu wa majivu. Nikipita mtaa wa Kondele mama wauza chakula walifunika sufuria wakipiga kelele, "Jaburu, pita mbali, watu wanakula!" Nami nikawajibu kutoka dirishani, "Wale haraka, narudi na mzigo mwingine!"

Wa kunisaidia kupakia na kupakua alikuwa mtu mzima kunipita, Mwislamu wa mjini. Baba yake alitoka pwani zamani na biashara, mama yake alitoka bara, na ukimwuliza kabila alijibu, "Kisumu." Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu kilikuwa na makunyanzi, na hakuchoka kuniambia.

"Bwana mkubwa, si 'lori imeharibika'. Ni 'lori limeharibika'."

"Kwani ukisema li, linatengenezeka haraka?"

"Halitengenezeki haraka, lakini linaharibika kwa heshima."

Lakini Kijaluo chake, pamoja na kuzaliwa na kuzeekea katikati yetu, kilikuwa cha kununulia samaki tu. Bei gani, huyu ameoza, punguza. Yeye mwenyewe aliamini anakijua sana. Nawaomba mlikumbuke hilo, maana bila hilo nisingekuwa na cha kuandika.

Katikati ya miaka ya sabini kuna kipindi saruji iliadimika Kisumu. Ilikuja kwa treni kutoka mbali, na ikifika ilikuwa imeshagawanywa. Ndipo siku moja, nikiwa kwenye bonde nilikotupia majivu, ninamwaga, akaja kijana mwenye kofia ngumu nyeupe, akachuchumaa kwenye majivu yangu. Akayasugua kwa vidole. Akayapuliza. Akatia kidogo kwenye kopo, akatia na mengine kwenye kopo la pili. Nilidhani ni mganga.

"Bwana, majivu haya unayapeleka wapi?"

"Yamefika. Nayatupa hapa."

"Unayatupa bure?"

"Kwenu majivu mnayafanya nini, mnayatia kwenye mchuzi?"

Hakukasirika. Alisema yeye ni injinia wa barabara, ametoka Ukambani, amesomea ng'ambo, na anataka kuyatia majivu hayo barabarani mahali pa saruji.

Nikamtazama vizuri. "Umekunywa chai leo?"

Akacheka, kisha akanieleza polepole, na mimi mtu akinieleza polepole huwa naelewa. Alisema udongo mbovu huchanganywa na saruji ukashika, ukawa kitanda cha barabara. Lakini si lazima saruji iwe peke yake. Majivu ya miwa yaliyoungua vizuri, yakichungwa yakawa laini kama unga, yakakutana na chokaa na maji, nayo hushika. Hayashiki haraka kama saruji, na hayawezi kuchukua nafasi yake yote. Ila katika kila mifuko mitatu ya saruji ungeweza kuacha mmoja stoo na kutia majivu badala yake. Saruji inatangulia kushika, majivu yanafuata nyuma.

Halafu akanionyesha makopo yake mawili. La kwanza lilikuwa na majivu ya kijivu, mepesi. La pili lilikuwa na majivu meusi. "Haya meusi bado yana makaa ndani, hayakuungua yakaisha. Ukiyatia haya, umeharibu kazi." Mimi nilikuwa nimebeba majivu miaka mingi nikidhani majivu ni majivu. Nilifundishwa, nikafundishika, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiyachagua kwa macho kama mama anavyochagua mchele.

Injinia alikuwa amepewa kipande kimoja tu cha kujaribia, chini ya soko la Katito, kwenye njia ya kushukia ziwani. Anayeijua Nyakach ya chini, upande huo wa Katito, anaujua ule udongo mweusi, ambao mafundi huuita bleki kotoni. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama. Masika unavimba na kunata kama ugali ambao haujaiva. Ukiweka barabara juu yake, baada ya mvua mbili inakunja mgongo. Wakubwa wa injinia ofisini walikuwa wanamcheka, wakiuita mpango wake uji wa majivu. Walimwambia, kipande hicho kikishika, njia yote hadi ufukweni itajengwa hivyo. Kisiposhika, asije akatamka neno majivu tena mbele yao.

Mimi nilikuwa nyuma yake mzima mzima. Kiwanda kilikuwa kimeshaniambia kwamba mwisho wa mwezi kazi ya kutupa majivu itapewa mtu mwenye lori la kujimwaga lenyewe. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kipande kikishika, mimi ndiye nitakayepeleka majivu ya njia nzima na kuweka watu wa kuyachanganya. Kisiposhika, nina lori la mlango mmoja lisilo na cha kubeba, na narudi kuchota mchanga, mtu mwenye mke na watoto.

Bahati yangu, njia hiyo ilielekea kwa mjomba wangu, kaka ya mama, mzee aliyepigana vita vya Wazungu huko Burma na kurudi na sauti ya kuamrisha. Aliniahidi vijana wa boma lake na wa majirani, wenye majembe yao. Ofisi ikaahidi rola la kushindilia. Kila kitu kilikuwa kimepangwa.

Siku moja kabla ya kazi nikashikwa na malaria. Nilikuwa natetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Nikamwita mwenzangu wa lori.

"Panda basi uende Katito kwa mjomba. Mwambie nimelala na homa, lakini kesho tunaleta majivu, watu wawahi."

"Nitamwambia."

"Umwambie kwa Kiswahili. Mzee anajua, alikuwa jeshini."

"Bwana mkubwa, mtu mzima huambiwa jambo kwa lugha yake. Niachie mimi."

Nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Nitawaambia sasa hivi alichokwenda kusema, ingawa mimi nilikuja kukijua kesho yake alasiri kwa njia mbaya sana. Alifika kwa mjomba, akasimama wima uani, akatamka kwa Kijaluo: "Jaduong' onindo. Kiny watero buru."

Alitaka kusema, mkubwa amelala, kesho tunaleta majivu. Sasa, kwetu mtu wa heshima akifa hatumsemi amekufa kama kuku. Tunasema amelala, onindo. Hilo la kwanza. La pili, kuleta ni kelo na kupeleka ni tero. Yeye alisema tero. Na tero buru, kupeleka majivu, kwetu si kazi ya lori. Ni desturi ya msiba. Akifa mwanamume, ndugu na jamaa huja na ng'ombe wao, wenye mikuki na pembe za kupuliza, wanawakimbiza ng'ombe kwa nyimbo na vumbi ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Herufi mbili tu alikosea, mimi nikawa marehemu.

Uso wake nao ulisaidia. Basi lilikuwa limemsukasuka njia nzima, tumbo limevurugika, akafika amekunja sura kama mfiwa. Mjomba alipojishika kichwa, mwenzangu alidhani mzee ananihurumia kwa homa, akamfariji, safari hii kwa Kiswahili: "Ndiyo kudra ya Mungu, Mzee." Wakamletea chakula, akakataa kwa sababu ya tumbo. Nani angeendelea kuuliza? Simu haikuwepo. Alirudi Obunga jioni akaniambia, "Wamepokea ujumbe vizuri sana. Mzee alilia."

"Alilia?"

"Anakupenda yule."

Asubuhi homa ilikuwa imeniachia, nikavaa shati, tukapakia majivu yaliyochungwa, tukafunika turubai, tukaenda. Tulipofika chini ya Katito, sikuona mtu wa mjomba hata mmoja. Injinia alikuwepo na vibarua wake wawili wa ofisi, mifuko ya saruji, chokaa na mapipa ya maji. Greda lilikuwa limeshaupasua udongo jana yake. Nikauliza rola liko wapi.

"Limezama kwenye matope ya mpunga kule Ahero," akasema injinia. "Wameanza kulichimbua."

Nilimtukana mjomba kwa Kijaluo, nikawatukana watoto wake, nikalitukana na rola. Kumbe wakati ule mjomba alikuwa anakusanya ng'ombe kwa ajili yangu. Lakini mimi sikulijua hilo, na kazi haingojei mtu amalize kununa. Nikapanda sokoni nikawaita mama waliokuwa wamemaliza kuuza mboga. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. Tukamwaga chokaa na majivu, tukatandaza saruji juu, injinia akitembea katikati na kipimo chake, na wale mama wakageuza kwa majembe huku wengine wakimwagilia kwa madebe.

"Baba," mama yule akaniuliza, "hii ni barabara au ni mboga mnatia chumvi?"

"Ni barabara, Mama. Geuza."

"Na wewe mwenyewe umepikwa na nini? Jitazame!"

Ni kweli, majivu yalikuwa yamenishika jasho likayakandika. Kuanzia nywele hadi vidole vya miguu nilikuwa rangi moja, ya kijivu, macho tu ndiyo yaliyobaki na rangi yake.

Jua lilipoanza kuinama kazi ya kuchanganya iliisha, na injinia akaanza kutazama saa yake na kutazama njia ya Ahero. Nikamwuliza kuna nini.

"Saruji ikishalowa haimsubiri mtu. Mchanganyiko huu lazima ushindiliwe leo, sasa, ukiwa laini. Tukiuacha ulale hivi utaganda ukiwa umefura kama mkate, na gari la kwanza litauvunja."

"Na rola?"

Alinyooshea kidole magogo yaliyokuwa kando. Tulichukua magogo tukaanza kugonga, mimi, yeye, mwenzangu na wale vibarua. Ilikuwa kama kuponda shamba zima kwa mchi wa kutwangia. Nikaona kabisa mchanga wa kuchota unavyonicheka. Injinia alivua kofia akaishika mkononi.

Ndipo tukasikia pembe.

Zililia kutoka upande wa ziwani, halafu vumbi, halafu kengele, halafu ng'ombe. Ng'ombe wengi, wenye majani ya kutambaa yaliyosokotwa kwenye pembe zao, wanakimbia, na nyuma yao wanaume wenye mikuki na fimbo wakiimba nyimbo za kumlilia shujaa. Walikuwa wanaelekea kwetu Kano kwenye matanga, na njia ya kwenda Kano ilipita hapo hapo tulipokuwa. Injinia alikimbia mbele akatanua mikono. Ng'ombe hawajui maana ya mikono. Waligawanyika wakampita kushoto na kulia kama maji, wakaingia kwenye mchanganyiko wetu hadi vifundoni, wakaukanyaga kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama wa sokoni wakarukia kando. Mimi nilibaki katikati na sepeto yangu, nikipiga kelele hadi koo likakwaruza.

Kijana aliyewatangulia akaniona. Akafunga breki. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume mwenye mkuki.

"Jachien! Jachien!" Yaani mzuka.

Wakatawanyika. Mmoja aliacha kiatu. Mwingine alipanda lori langu kwa upande wa kamba. Mjomba peke yake hakukimbia, maana mtu aliyeona Burma hakimbii ovyo. Alininyooshea mkuki.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mjomba."

"Mimi nani? Okewo wangu, mtoto wa dada yangu, amekufa."

"Amekufa lini?"

"Jana. Tumeletewa habari."

"Na nani?"

Akaugeuza mkuki ukamwelekea mwenzangu, aliyekuwa ameshajibanza nyuma ya ule mlango mmoja wa lori. "Na huyu! Hata chakula alikataa!"

"Mzee, mimi nilisema amelala!" mwenzangu akapiga kelele.

"Ndiyo! Alisema amelala!"

"Kitandani! Amelala kitandani!"

"Na buru je? Hukusema tunapeleka buru?"

"Buru si hiyo hapo mnayoikanyaga!"

Mjomba akatazama chini. Akatazama miguu ya ng'ombe, imejaa majivu. Akanitazama mimi, nimejaa majivu. Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama mnene, akacheka akakaa chini, debe likamwangukia, akaendelea kucheka. Kisha wote. Shangazi mmoja tu, aliyekuwa ametangulia kulia tangu alfajiri, hakucheka. Alinijia na sauti iliyokwisha: "Nirudishie machozi yangu, wewe."

Injinia hakuwa kwenye kicheko hicho. Alikuwa amepiga magoti. Nilidhani analia, na sikumlaumu. Lakini alikuwa anatia kidole kwenye alama ya kwato, anabonyeza, anahamia kwenye nyingine, anabonyeza. Akaniita.

"Bonyeza hapa."

Nikabonyeza. Pembeni ilikuwa laini. Chini, pale ukwato ulipokaa, kidole kiligoma.

"Nilikosomea kuna rola la chuma lenye vishikizo kama kwato," akasema. "Wanaliita mguu wa kondoo. Udongo mzito kama huu haushindiliwi kwa kulainishwa juu, unashindiliwa kwa kudungwa kutoka chini kupanda juu. Ofisi yetu haina. Na mimi nimesahau kabisa kwamba hapa kuna miguu yenyewe." Akasimama, akavaa kofia. "Warudisheni."

"Nani?"

"Ng'ombe! Warudisheni, kabla hapajakauka!"

Nikamgeukia mjomba. Mjomba akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana. Buru haifanywi kwa mtu aliye hai. Tumekosea mara moja kwa kutojua. Kufanya mara ya pili kwa kujua ni kukuita kaburini."

Nilimwelewa. Mimi ni Mjaluo, sikuwa nataka kuitwa kaburini. Lakini pia nilikuwa naiona saruji inaanza kuganda chini ya miguu yangu na lori langu linakosa kazi. Nikamwambia, "Mjomba, kipande hiki kisiposhika, nitakuwa hai bila chakula. Nipe njia."

Alifikiri, huku injinia akikanyaga mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Hatimaye mzee akapaza ile sauti yake ya jeshi.

"Wavueni ng'ombe majani! Pembe chini! Mikuki chini! Asiimbe mtu wimbo wa msiba!" Kisha akanigeukia. "Sasa hawa ni ng'ombe tu, wanatembea njiani. Na wewe leo utakula kwangu, watu wote wakuone unatafuna."

"Nitatafuna, Mjomba."

Basi wakaanza. Vijana wakawaswaga kupanda, wakawaswaga kushuka, wakibadilisha upande kila injinia alipoonyesha kwa mkono. Kwa kuwa kukimbiza ng'ombe kimya kimya ni kugumu, mama wa sokoni wakaanza wimbo wa harusi, na ng'ombe hawakuona tofauti. Injinia mwenyewe alikuwa anakimbia nyuma yao na sepeto, akichota kila kinyesi kabla hakijakanyagwa, kofia imeenda upande. "Hiyo haimo kwenye kipimo!" alikuwa anapiga kelele. "Hiyo haimo kwenye kipimo!" Mwanzoni kwato zilizama. Baadaye zikazama kidogo. Mwishoni ng'ombe walikuwa wanatembea juu kabisa kama wako sokoni. Hapo tukasawazisha kwa majembe, nikapakia lori mawe nikalipitisha mbele na nyuma mpaka juu pakalala, tukafunika kwa nyasi tukazimwagia maji.

Kwa mjomba nilikula mbele ya ukumbi mzima wa watu. Kila tonge nililomeza kulikuwa na macho yaliyolisindikiza kooni. Bibi kizee mmoja alinifinya mkono akatangaza, "Ana joto!" Mwenzangu wa lori alipewa kiti cha heshima pembeni ya mjomba na akaombwa, kwa adabu kubwa, asiongee Kijaluo.

Nyasi zile tulizimwagilia maji siku nyingi, mimi mwenyewe nikihakikisha, maana injinia alisema majivu hayana haraka na yakikosa maji yanakata tamaa. Kisha masika yakaingia, na wakubwa wa ofisi wakaja kuangalia uji wa majivu. Landrova yao ilikwama kwenye udongo mweusi kabla ya kutufikia, ikavimbiwa na matope, wakashuka wakavua viatu. Walikuja wakiteleza, wakishikana mikono kama maharusi. Walipokanyaga kipande chetu wakasimama wima.

Mkubwa wao aliomba mtaimbo. Akaupiga chini. Ulirudi mkononi ukalia. Akapiga kwingine. Sehemu moja pembeni ilimeguka kidogo, na injinia, bila kuulizwa, akachukua kile kipande kilichomeguka akaonyesha madoa meusi ndani. Alisema mfuko mmoja wa majivu mabovu ulipenya na hautapenya tena. Mkubwa alirudi katikati, akapiga mara nyingine kwa nguvu zake zote, akajipulizia viganja.

"Mtajenga hivi mpaka ufukweni," akamwambia injinia.

Nami nikauliza papo hapo, maana aibu haijawahi kunilisha, "Na majivu atabeba nani?"

Akanitazama, akatazama lori langu na kamba yake. Injinia akasema, "Huyu. Ndiye anayeyajua."

Nikabeba. Tulifika ufukweni, na rola la mguu wa kondoo likaletwa baadaye kutoka Nairobi, la chuma, lisilohitaji kuchotewa kinyesi. Nilipata njia nyingine, kisha nyingine. Saruji ilipojaa tena madukani ofisi ilirudia mazoea yake ya zamani na kuyasahau majivu, lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza kuyatia kwenye matofali na kalvati, na hakuna aliyenizuia.

Leo nina nyumba ya kuishi ya mawe huko Kano, juu ya kilima, mbali na mto. Nina vyumba vya kupangisha Kondele, mstari mmoja na nusu. Hiyo nusu inajengwa. Nina kiwanja Obunga chenye mashine mbili za matofali. Nina malori matatu, yote na milango yake. Nina kinu cha kusaga unga Katito. Nina shamba la mpunga ambalo wanangu wanaligombania ilhali nipo. Nina pikipiki ambayo mke wangu amenikataza kuipanda, na redio.